Kunde Zilizopikwa kwa Masikio

Nianze kwa kusema wazi kwamba Ngari wa Munyi ni jirani yangu, na amenikera kwa miaka thelathini. Ng'ombe wake wamekula mahindi yangu si mara moja. Mti wake uliangusha tawi juu ya choo changu, naye akaja kulitazama, akasema ni tawi zuri la kuni. Kwa hiyo haya ninayoandika siandiki kwa kumpendelea. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na sita, najua kumpa mtu alama anazostahili, wala siongezi hata nusu.

Tunakaa nje kidogo ya Gachoka, upande wa barabara ya kwenda Kiambere, na huku kwetu mashamba ni muguka mtupu, yale majani ya kutafuna. Wengi wanauchuma, lakini hakuna anayeuchuma kama Ngari. Anaingia shambani kabla jua halijachomoza, na vidole vyake vinachukua ncha tu, zile laini zenye wekundu kwa mbali. Jani gumu hulijua kwa kuligusa, hata halitazami. Wanunuzi wakifika asubuhi hufungua magunia ya watu wote wakapekua hadi chini, ila la Ngari hawalifungui. Hilo ndilo la kwanza la kumjua.

La pili ni kwamba alikuwa hajawahi kupika. Sisemi hakujua kupika. Nasema hakuwahi hata kuingia jikoni kwake. Huku Mbeere wanaume wa rika lake walilelewa hivyo: jiko ni kibanda cha mke, kimejengwa peke yake kando ya nyumba, na mwanamume anayechungulia sufuria huitwa majina. Mbuzi atachoma, nje, kwa moto wake. Mboga na ugali, hapana. Na chakula kikiletwa anakula, ananawa mikono, ananyamaza. Kusifu chakula ni kazi ya wageni.

Mkewe alikuwa Eunice Wanjugu, rafiki yangu. Kila mchana, kwa miaka thelathini na minane, Ngari alitoka shambani akaketi kwenye kigoda chake nje ya jiko, mgongo umeegemea ukuta wa mbao, redio ndogo gotini, akisubiri. Ndani Wanjugu alikuwa akipika majani ya kunde, ambayo sisi tunayaita mathoroko. Nimekula mboga za watu wengi, kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye mikutano ya walimu, lakini sijaonja kitu kama mathoroko ya Wanjugu. Nilimwuliza anavyopika karibu kila mwaka. Alikuwa ananijibu, "Ni mboga tu, mwalimu," kisha anavuta mlango wa jiko. Tuliambiana mambo yote ya dunia isipokuwa hilo, na nakiri liliniuma.

Alifariki Agosti mwaka jana. Presha ilipanda, na kabla gari halijapatikana alikuwa ameshatuacha. Ngari hakulia mbele ya watu. Alichofanya ni kufunga jiko kwa kufuli na kutia ufunguo kwenye mfuko wa koti. Tangu siku hiyo akawa mtu wa hoteli ya Gachoka, chapati na maharagwe, maharagwe na chapati, hadi lile koti likaanza kumpwaya. Kigoda kilibaki palepale ukutani, na hakukiketia tena.

Mwezi wa saba mwaka huu binti yake, Ruguru, akaja nyumbani na mtoto mchanga.

Ruguru anafanya kazi ya ukarani huko Embu mjini. Mumewe, Lennox, ni dereva wa malori na hukaa safarini wiki nyingi. Msichana wao wa kwanza, wa miaka minne, alikuwa Mitunguu kwa mama yake Lennox, naye mama huyo ana magoti mabovu na mikono yake ilikuwa imeshajaa. Huyu wa kwanza alipewa jina la bibi wa upande wa baba, kama inavyopasa. Basi huyu wa pili zamu ilikuwa ya upande wa mama, akaitwa Wanjugu. Nilipolisikia jina lile mlangoni nilijifanya nafunga kamba ya kiatu.

Lakini mama mtoto hakuwa na hali. Alipoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, na ukimfunua jicho chini kulikuwa kweupe pe. Hospitali walimpima wakakuta damu iko nane badala ya kumi na mbili. Walimpa vidonge, wakamwambia ale vizuri, arudi baada ya wiki tatu. Kama damu haijapanda watamlaza na kumwongezea. Ruguru hakuogopa sindano. Aliogopa kulazwa mbali na mtoto wa wiki chache ambaye hakuwa na mtu wa kumwachia.

"Nimeambiwa nisimeze dawa na tumbo tupu," aliniambia mimi, tata wake, shangazi wa ujirani, "na tata, chakula hakipiti. Nikiona sahani tu nasikia kutapika."

Mimi nikasema hiyo ni kazi yangu, mimi Cicily. Nilikwenda kwangu nikakaanga sukuma wiki na kitunguu, nyanya, pilipili hoho na ule unga wa kuongeza ladha. Nikambebea na ugali wa moto. Akala vijiko viwili, akaniambia asante, akaisogeza sahani kwa adabu. Kesho yake nikapika terere, yaani mchicha, nikakaanga vilevile. Vijiko vitatu. Siku ya tatu nikapika kuku, na hapo akaangua kilio.

"Si chakula chako ni kibaya, tata. Nataka mathoroko ya mama."

Nitasema ukweli kwa kuwa nimeahidi: nilikasirika. Mtu amelala kaburini na bado ananishinda kwa mboga. Ngari alikuwa amesimama mlangoni akasikia yote. Aligeuka, akaingiza mkono mfukoni, na nikasikia kufuli la jiko likifunguliwa.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa siku iliyofuata. Nilimwona kupitia ua akichuma kunde zilizojiotea kando ya tangi la maji, na nikiri kwamba uchumaji wake ulinishangaza. Alikuwa anachukua ncha tupu, majani mawili matatu machanga na kikonyo chake, vidole vinakwenda kama mvua. Mwanamke yeyote wa hapa angechuma nusu ya kiasi hicho kwa muda ule, tena angechanganya na magumu. Nikasema moyoni, huenda huyu mzee akatuaibisha sote.

Saa nane Ruguru alinipigia simu nije. Alikuwa ameketi kitandani na sahani mapajani, amefunika mdomo. Nikadhani anatapika. Kumbe anacheka, na machozi yanamtoka. Baba yake alikuwa amesimama katikati ya chumba na majivu kwenye nyusi.

"Onja, tata," akasema.

Nikaonja. Mchanga. Ulilia kwenye meno kama mtu anayetembea kwenye kokoto. Unajua kunde zinatambaa chini, na vumbi la huku linapenda majani.

"Mzee, hii mboga uliosha?" nikamwuliza.

"Kuosha?" akasema Ngari, na uso wake ulikuwa na mshangao wa kweli. "Mwalimu, majani haioshwi. Ukitia maji inageuka nyeusi, na hakuna mtu atanunua."

Basi nikaelewa. Miaka arobaini na zaidi mtu huyu ameishi na majani, na sheria yake ya kwanza ni kwamba jani halitakiwi kuona maji. Muguka ukilowa umekwisha. Kwa kichwa chake, kuosha jani ni kuliharibu. Nilifungua kinywa nimkemee, kama nilivyozoea, lakini nikaona amekunja paji la uso na kutazama ukuta. Mimi namjua mwanafunzi anayekaribia jibu.

"Ngoja," akasema. "Kumbe ndiyo yale maji."

"Maji gani?"

"Mama Ruguru. Kila siku nikikaa pale nje, kabla hajawasha moto, nasikia anamwaga maji nyuma ya jiko. Mara tatu. Mimi nilikuwa nafikiria anaosha vyombo."

Alitoka nje bila kuaga. Nilimfuata, maana umbea nao ni njaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile kigoda, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akaketi, akaegemeza mgongo ukutani na kufumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu hadi nikaona aibu ya kumtazama.

Alipofumbua macho akaanza kunieleza, polepole, kama mtu anayesoma barua ya zamani. Hakuwahi kumwona mkewe akipika hata siku moja. Lakini alikuwa amemsikia kwa miaka thelathini na minane, mchana kwa mchana, ubao mmoja tu katikati yao.

"Kisu sikuwahi sikia," akasema. "Kwako, mwalimu, nasikia mpaka hapa, ko-ko-ko kwa ubao. Kwake ilikuwa kimya. Alikuwa anakata na mikono."

"Na mafuta?"

"Mafuta haikulia. Hakuna siku niliskia kitu ikikaangwa."

Hapo nilihisi vitunguu vyangu vyote vimeaibika.

Akaendelea. Maji yanamwagwa mara tatu, yote kabla ya moto. Baada ya moto hayamwagwi tena. Mimi hayo ya kuchemshia huyamwaga siku zote ili kutoa ukali, na hapo nikatambua kwamba miaka yote hiyo nimekuwa nikiipa migomba yangu sehemu bora ya mboga. Kifuniko kinawekwa, kinaanza kucheza, kinaondolewa. Halafu kinya kinapigwa kofi chini mara mbili tatu. Kinya ni kile kibuyu cha maziwa ya kugandisha. Alikuwa anakipiga ili ule utando mzito wa juu uanguke kwenye sufuria. Baada ya hapo ni mwiko, mizunguko michache, kisha sahani.

"Zinachukua muda gani motoni?" nikauliza.

Ngari alitazama mikono yake. "Anaweka sufuria taarifa ya habari ya saa saba ikianza. Anaepua matangazo ya vifo yakianza."

Redio ya lugha yetu husoma matangazo hayo kila mchana baada ya habari, na Agosti mwaka jana walisoma la Eunice Wanjugu, mke wa Ngari wa Munyi wa Gachoka, watoto wake, wakwe zake, na siku ya mazishi. Tangu siku ile Ngari alikuwa akizima redio habari zikiisha. Wakati mwingine alikuwa haiwashi kabisa.

Siku mbili baadaye, saa sita na nusu, nilikuwa nimeshaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa karibu na mlango wa jiko. Sikukaribishwa wala sikufukuzwa. Maziwa alikuwa ameyagandisha tangu siku mbili, kwenye kinya kilekile cha Wanjugu, ambacho nilimsaidia kukisafisha kwa kijiti cha moto. Kunde zilikuwa kwenye karai, ncha tupu. Aliziosha akamwaga maji nyuma ya jiko. Yalikuwa mekundu kama chai. Akaosha tena. Mara ya tatu yakatoka safi. Akazikata kwa mikono, vipande vikubwa vikubwa, na hapo vile vidole vya muguka vilikuwa nyumbani.

Redio ikapiga mlio wa saa. Akaweka sufuria na maji kidogo sana, nusu kikombe hivi, akatia majani, akafunika. Nilitaka kusema maji hayatoshi. Nikauma ulimi. Kifuniko kikaanza kucheza, akakiondoa kwa pindo la koti, na mvuke wa kijani ukapanda. Habari zikasomwa, za barabara, za mvua, za wakubwa wetu. Kisha ukaja ule muziki wa polepole ambao kila mtu wa huku anaujua, na mkono wa Ngari ukaenda kwenye kitufe cha redio.

Hakuizima redio. Alisikiliza jina la kwanza, la mtu wa Siakago, jina la pili, kisha akaepua. Akapiga kinya kofi, mara mbili, na utando mweupe ukateleza ndani. Akakoroga. Akachukua kidogo kwa ncha ya kidole, akaonja, na uso ukasawajika.

"Hapana," akasema. "Kuna kitu inakosa."

Nikaonja mimi. Ilikuwa laini, kijani kibichi, ina uchachu mtamu wa maziwa, na haikuwa na chumvi hata chembe.

"Chumvi, mzee."

Alinitazama kama mtu aliyepotea njia ya kwao. "Chumvi haisikiki," akasema. "Sijui alikuwa anaweka ngapi. Sijui alikuwa anaweka saa gani."

Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka kwenye kopo. Nilikuwa tayari kutia kwa makadirio yangu, na nina hakika ningeharibu. Lakini nyuma yangu kivuli kikaziba mlango. Ruguru alikuwa amesimama hapo na mtoto kifuani, ameshika mhimili. Ilikuwa mara ya kwanza katika siku sita kutoka kitandani bila kushikwa.

"Hiyo ilikuwa kazi yangu," akasema.

Tukamgeukia.

"Nikiwa mdogo, kabla niende shule ya boarding. Mama hakutaka mtu amkalie jikoni, lakini chumvi aliniachia. Ananiita, naweka, halafu ananiambia nitoke."

Alimpa baba yake mtoto. Mzee alimpokea kwa mikono iliyonuka moshi, akabaki amesimama wima kama aliyekabidhiwa mayai. Ruguru akainama, akachota chumvi kwa vidole vitatu, akainyunyiza akizungusha mkono, kisha akachota tena, kidogo zaidi, kwa vidole viwili. Akakoroga mara moja. Akaonja. Alifumba macho, na mimi nikaona koo lake likimeza.

"Ugali uko wapi?" akauliza.

Alikula akiwa ameketi sakafuni mwa jiko la mama yake, miguu ameinyoosha. Alimaliza sahani. Akaomba nyingine, akameza kidonge chake juu yake, na hakutapika. Mimi nilipewa kijiko cha kukwangua sufuria, nikaikwangua kwa heshima zote. Yalikuwa mathoroko ya Wanjugu. Nililia kidogo na nikasingizia moshi.

Kwa wiki mbili zilizobaki moshi ulipanda kutoka jiko lile kila mchana. Sisemi kunde pekee ndizo zilizofanya kazi. Vidonge vilimezwa, maharagwe yaliliwa, maembe pia, na mara moja mbuzi mzima alianguka. Lakini mboga ndiyo iliyofungua mlango. Nilikuwa naona mashavu ya yule msichana yakirudi siku kwa siku, na kucha zake zikiacha weupe wa karatasi. Watu walipita njiani, wakaona mzee akiosha majani nyuma ya jiko, na mmoja wa rika lake akasimama kumtania.

"Ngari, siku hizi umekuwa mama?"

"Kuja uonje kwanza," Ngari akamjibu, "ndio ucheke na nguvu."

Yule mtu aliingia. Alitoka baada ya sahani mbili, na hakucheka.

Siku ya kurudi hospitali Embu, Ngari alikataa kwenda shambani. Aliamkia langoni, akakaa hapo amevaa koti, akitazama barabara, na nilipompelekea chai aliiacha ikapoa. Saa tano na dakika kadhaa simu yake ikalia. Alinipa niipokee.

"Tata, mwambie baba," Ruguru akasema. "Iko tisa na nusu. Nesi amesema niende tu nyumbani, niendelee hivyo hivyo. Ameniuliza nakula nini."

Nilimwambia. Mzee alitikisa kichwa mara nyingi, akainuka, akaenda kuchuma kunde.

Ruguru alifika saa saba na dakika chache na kukuta sufuria iko motoni. Walikula nje siku hiyo, chini ya ukingo wa paa la jiko, nami nikiwa upande wangu wa ua nikianika mahindi ambayo kwa kweli yalikuwa yamekauka tangu juzi. Ruguru aliifuta sahani yake kwa tonge la mwisho.

"Ni tamu, baba," akasema. "Ni tamu sana."

Alilisema kirahisi tu, kama vijana wanavyosema. Lakini Ngari aliweka sahani yake chini. Nilimwona akiwa amekaa hivyo, mkono juu ya goti, na nikajua anachokihesabu, kwa sababu na mimi nilikuwa nakihesabu. Miaka thelathini na minane, kila mchana, na neno hilo hakuwahi kulisema.

Ruguru aliingia ndani na vyombo. Mtoto alikuwa amelala kwenye kanga juu ya mkeka. Mzee alimnyanyua kwa uangalifu, akamlaza kwenye mkono wake, akarudi kwenye kigoda na kuegemeza mgongo ukutani pale pale pa siku zote. Redio alikuwa ameizima. Nilisimama na kiganja cha mahindi, wala sikusogea.

"Wanjugu," akamwambia, kwa Kimbeere, kwa sauti ya chini. "Ilikuwa tamu. Siku zote ilikuwa tamu."